Kibanda cha Bweyale: Niliyoyaona Mlangoni na Kwenye Kipaza Sauti

Bweyale hatukuwahi kuwa na jumba la sinema lenye viti vya kukunja na tiketi zenye namba. Tulikuwa na kibanda. Kuta za udongo, mlango mmoja, madirisha yaliyozibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, mabenchi ya mbao ambazo hazikuwahi kuona randa, na huko mbele, juu ya rafu iliyogongomewa karibu na paa, runinga moja ya inchi 21 ndani ya sanduku lenye kufuli. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa sinema ya mji mzima. Nilianza kwa kuchungulia kwenye tundu la gunia, nikapanda cheo kuwa mshika mlango, mwishowe nikapewa kipaza sauti. Kwa hiyo haya si utafiti. Ni mambo niliyoyaona nikiwa nimesimama kati ya wateja na jenereta.

Kwa asiyeijua, Bweyale iko kwenye barabara kuu ya kutoka Kampala kwenda Gulu, wilayani Kiryandongo, wilaya iliyomegwa kutoka Masindi mwaka 2010. Ukishapita Kigumba na mji wa Kiryandongo unaifikia, na ukiendelea mbele unakutana na Mto Nile pale darajani Karuma. Ni mji wa watu waliokuja. Wanyoro na Wachope ni wenyeji, lakini Waacholi, Walango, Waaluru na Walugbara wamejaa, na kuna Wamaragoli ambao wazee wao walitoka magharibi ya Kenya miaka ya 1950 kutafuta ardhi. Mwaka 1990 yakafunguliwa makazi ya wakimbizi wa Sudan hapo jirani. Sokoni, ukitaka kuuza muhogo wako bila kupoteza muda, unaongea Kiswahili. Cha kwetu si cha Unguja, na mwalimu wa sarufi angeshika kichwa, lakini muhogo unauzika.

Kabla ya kibanda kulikuwa na gari. Hilo nililisikia kwa mzee mmoja wa Masindi, aliyekuwa karani enzi za Waingereza. Uingereza ilianzisha kitengo cha filamu cha makoloni yake mwaka 1939, na magari yenye mashine ya kuonyeshea picha yakazunguka Afrika Mashariki. Gari lilifika jioni, kitambaa cheupe kikatundikwa, watu wakaonyeshwa jinsi ya kuchimba choo, kutunza pamba na kupigana na mbu. Mzee alisema picha hakuzishangaa sana. Aliyemshangaza ni yule bwana aliyesimama kando ya kitambaa akieleza kwa lugha ya watu yanayoendelea. "Bila yeye tungeona wazungu wanatafuna hewa tu," aliniambia. Nilikuwa tayari nafanya kazi ya kutafsiri filamu wakati huo, na nilifurahi kujua kwamba kazi yangu ina mababu.

Majumba halisi ya sinema yalikuwa Kampala: Norman, Odeon, Delite na mengine, mengi yakiwa mikononi mwa Waasia. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na waliojua biashara hiyo wakaondoka na ujuzi wao. Jengo la Norman leo ni kanisa. Kwetu kijijini hayo yote yalikuwa hadithi za waliosafiri. Runinga ya taifa ilianza mwaka 1963, lakini runinga bila umeme ni sanduku la kuwekea kitambaa cha kufuma juu yake.

Aliyetuletea sinema ni Hajji. Nitamwita hivyo, kwa kuwa mji mzima ulimwita hivyo. Alikuwa Mnubi wa Masindi, na ujana wake wote aliumalizia kwenye malori kama tanboi, akibeba mizigo hadi Juba na hadi Kongo. Vita vilipotulia kidogo baada ya mwaka 1986 aliuza sehemu yake ya lori, akashuka Kampala, akarudi na deki iliyotumika, runinga, jenereta ndogo ya petroli na mfuko wa kanda. Mwanzo alionyesha chini ya turubai. Upepo ulipolichukua turubai akajenga kibanda cha nyasi, na nyasi zilipoanza kunusurika na cheche za jenereta kwa bahati tu, akapiga mabati.

Mabati nayo yana shida yake. Mvua ikinyesha hakuna anayesikia neno, na mteja wa Bweyale akishalipa shilingi 200 anataka kusikia.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa na mshahara. Sakafu ilikuwa ya vumbi, na watu mia wakiketi kwenye vumbi wakapiga makofi, runinga haionekani. Hajji akaweka utaratibu: mtoto akileta jerikeni ya lita 20 ya maji ya kunyunyizia sakafu kabla ya onyesho la saa kumi, anaingia bure. Mtungi ulikuwa mzito na kisima kilikuwa mbali, na nusu ya watoto wa mtaa wangu walipata misuli ya shingo kwa ajili ya sinema. Nilipokua kidogo, Hajji akaona kwamba najua kuhesabu chenji, akaniweka mlangoni.

Mlango ni shule. Bei haikuwa moja, ilitegemea mtu amefika saa ngapi. Filamu ikiwa imefika katikati, nusu bei. Ikibaki robo, mtu alinipa alichonacho, nami niliangalia viatu vyake. Mchuuzi aliyetoka kufunga kibao chake alilipa bila maneno. Dereva wa lori alilipia na wenzake. Kijana aliyekuja na msichana hakubishana bei hata mara moja, na Hajji alinionya nisimpandishie, maana atarudi naye wiki ijayo. Kabla hujaingia unakutana na ubao mweusi uliosimamishwa barabarani, na juu yake kwa chaki: PROGRAMU YA LEO, halafu majina ya filamu tuliyoyaandika wenyewe. Majina ya kwenye jalada hayakuuza. Tukiandika jina la stelingi na silaha anayotumia, watu wanajaa.

Lakini aliyeamua programu hakuwa mteja, wala mimi, wala Hajji. Ilikuwa petroli. Sikuelewa hili mpaka Hajji aliponikalisha na daftari. Filamu ya karate kutoka Hong Kong ni saa moja na nusu. Ya Kihindi ni saa tatu, na pengine kuna mkanda wa pili. Kiingilio ni kile kile. Kwa hiyo kila Mhindi anapoanza kuimba mlimani, pale nyuma ya kibanda chombo kinakunywa mafuta ya Hajji. Mfanyabiashara mwingine angeachana na Wahindi kabisa, na wapo waliofanya hivyo kule Kigumba. Hajji alikataa. Alisema ya Hong Kong inaleta wanaume peke yao, na wanaume peke yao huleta ugomvi. Ya Kihindi inaleta akina mama, nao huja na watoto, na nje mama wa sambusa anauza, na mama wa sambusa ndiye anayetukopesha pesa ya petroli siku ya mvua. Hesabu yake ilitoka nje ya kibanda ikazunguka mtaa mzima kisha ikarudi. Nimefanya biashara nyingine tangu hapo na bado sijaona hesabu safi kuliko ile.

Deki ilihitaji mapenzi. Kichwa chake kikichafuka, picha inajaa theluji, na dawa yake ni spiriti na kipande cha karatasi laini, ukigusa kwa adabu. Kulikuwa na kanda zilizorekodiwa kwa mfumo wa Marekani. Ukizitia kwenye runinga yetu ya mfumo wa Ulaya, picha zinageuka nyeusi na nyeupe au zinapanda juu bila kusimama. Wateja walidhani tumeleta filamu ya kale. Nikajifunza kuwaambia kabla hawajauliza: "Hii ni ya zamani sana, ya wakati wa vita vya Wajerumani." Wakatulia. Katika filamu hiyo hiyo mtu akatoa simu ya mkononi mfukoni, na hakuna aliyelalamika.

Miaka ya 1990 ndiyo iliyokijaza kibanda, na sababu yake ilikuwa vita. Kaskazini ya Karuma waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, walikuwa wanateka watu na kuchoma vijiji, na barabara ya kutoka Karuma kwenda Pakwach na Arua ilikuwa na mashambulizi kiasi kwamba magari yalisubiri kusindikizwa na jeshi. Gari likichelewa msafara linalala upande huu. Madereva wa Arua, wachuuzi wa samaki, wanajeshi walio likizoni, wote walikuwa na usiku mzima na hawana pa kuupeleka. Na familia za Waacholi zilizovuka daraja zikikimbia zilikuwa zinapanga vyumba Bweyale, watu sita katika chumba kimoja. Kibanda kilikuwa na paa, na watu wengi mahali pamoja, na kelele ya jenereta iliyofunika kelele nyingine. Wako waliolipa wakalala usingizi tangu jina la kwanza hadi la mwisho. Hajji alikataza kuwaamsha.

Hapo ndipo nilipoanza kutafsiri. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa sekondari, Kiingereza kilikuwa kinaingia kichwani, na kila nilipokaa benchi, jirani aliniuliza, "Anasema nini?" Nikawa naeleza benchi moja. Benchi la nyuma likaanza kulalamika kwamba sisikiki. Hajji alikuwa amesikia kwamba Kampala kuna vijana wanaosimulia filamu kwa Kiganda na wateja wanamfuata msimuliaji kuliko filamu yenyewe. Jina kama VJ Jingo lilikuja kujulikana nchi nzima kwa kazi hiyo. Kanda zao zilitufikia, lakini kwetu Kiganda kilikuwa kinaeleweka na theluthi ya chumba kwa siku nzuri. Akanunua kipaza sauti, kichanganyio kidogo cha sauti na spika ya honi ya kuning'iniza nje, akanipa kiti cha plastiki chini ya runinga. Kiti hicho ndicho pekee kilichokuwa na mgongo katika nyumba nzima.

Kinadharia kazi ni rahisi: unapunguza sauti ya filamu mtu anapoongea, unasema wewe, unairudisha bunduki zikianza. Kwa kweli, filamu mpya niliiona pamoja na wateja, kwa sababu Hajji hakuwa na petroli ya mazoezi. Onyesho la saa kumi lilikuwa la kujaribu, na watoto ndio waliolipia makosa. La saa mbili usiku, ambalo watu wazima walikuja, lilikuwa limeiva. Nilijua nani atakufa. Nilijua nimpe nani jina.

Majina nilianza kwa sababu watu walikuwa wanapotea. Wazungu sita wenye suti katika chumba kimoja, nani ni nani? Nikampa bosi jina la Kamanda, mwenye kovu nikamwita Mbuzi, mwanamke wa ofisi nikamwita Mama Karatasi. Maficho ya adui yakawa "ng'ambo ya Karuma". Gari la polisi likikimbia likawa linawahi kufika Mto Kafu kabla mvua haijanyesha. Watu walicheka, lakini zaidi ya kucheka, walifuata hadithi. Nilishawahi kusoma mtu akilaumu wasimuliaji kwamba wanaharibu kazi ya watu, wanazungumza juu ya sauti ya waigizaji. Huenda. Aliyeandika hivyo alikuwa anaelewa kila neno la filamu, naye hakuwahi kukaa benchi la nne akiuliza "anasema nini".

Jambo lililonifundisha kunyamaza lilitokea na filamu ya vita. Kijiji kinaungua, watu wanafungwa mikono, na mimi nimechangamka, nasimulia kwa kasi kama mtangazaji wa mpira, honi inapeleka sauti yangu hadi stendi. Nikaona akina mama wawili wa upande wa mabenchi ya ukutani wakasimama, mmoja akiwa amejifunika mtandio usoni, wakatoka. Kisha wengine. Hawakudai pesa yao. Hajji alisimama mlangoni akiwaangalia, akaja akanigusa bega, akaizima deki mwenyewe. Tangu usiku ule filamu za namna hiyo hazikuonyeshwa jioni za siku ya soko, siku ambazo familia za waliokimbia zilikuwa nyingi. Mimi nikajifunza kwamba msimuliaji anaona chumba, na filamu haikioni. Ikifika sehemu kama hiyo nilipunguza honi ya nje, nikasema sentensi moja tu, "hapa wanateswa," nikaacha picha ipite.

Lawama zilikuwepo, na nusu yake naikubali. Walimu walisema tunawaibia watoto wa shule. Hajji alipiga marufuku sare, na watoto wakawa wanakuja na fulana ndani ya mkoba wa vitabu, wakibadilishia nyuma ya mti wa mwembe. Nilikuwa mlangoni, niliwajua, niliwarudisha wengine na wengine nikawaacha, kwa kutegemea hesabu ya petroli ya siku hiyo. Nusu nyingine siikubali. Wazee walisema kibanda kinafundisha wizi, kana kwamba wezi wa Bweyale walisubiri deki ifike. Na waliokisema vibaya Jumamosi ndio waliokikodisha Jumapili asubuhi, maana kanisa lao changa halikuwa na jengo. Mchungaji alituomba tugeuze mabango ya ukutani, tukageuza. Siku moja kwaya ikaimba wakati stelingi mmoja, aliyesahaulika, ameinua panga juu ya vichwa vyao.

Mwaka 2008 mji ulipata wageni wapya. Wakenya waliokimbia machafuko ya baada ya uchaguzi, waliopokelewa kwanza upande wa Tororo, waliletwa Kiryandongo. Nilifurahi sana: hatimaye hadhira inayoelewa Kiswahili kutoka mlangoni hadi ukutani! Nao walikuja na diski zilizosimuliwa tayari na DJ Afro wa Kenya. Nilisikiliza ya kwanza nikajua nina shida. Jamaa ana mbio, ana utani, hamezi neno. Na Hajji alikuwa na hesabu yake: "Huyu wa diski hali chakula cha jioni." Nikabaki na onyesho moja kwa siku badala ya matatu.

Sikukasirika kwa muda mrefu, maana nilikuwa nimeshaona kitu. Kibanda kilikuwa kinauza kile ambacho mji haukuwa nacho. Mwanzo hapakuwa na picha, kikauza picha. Picha zilipozoeleka, kikauza sauti. Kila mji ulipopata kitu mlangoni mwake, kipande kimoja cha kibanda kilikatika, na Hajji alikuwa tayari ameshika kingine. Kanda zikawa diski za bei rahisi kutoka China zenye filamu ishirini ndani ya moja, na maduka ya kukodisha yakafunguliwa kila kona. Tulipofika hapo, Hajji alikuwa ameshapanda juu ya paa kufunga dishi.

Mpira ulilipa kuliko filamu zote kwa pamoja. Mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza tulitoza shilingi 1,000, mara mbili ya filamu, na watu walisimama hadi barabarani. Mshika mlango wa mpira hana raha: kila mtu anajua dakika, hakuna nusu bei, na timu ikifungwa lawama zinakuja kwako. Usiku wa 11 Julai 2010, fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uhispania na Uholanzi, tulikuwa tumejaza kiasi kwamba nilitoa mabenchi nje ili watu wasimame. Simu zikaanza kulia ndani ya kibanda, moja, mbili, kisha zote. Mabomu yalikuwa yamelipuka Kampala, kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo na kwenye mgahawa wa Kihabeshi kule Kabalagala, kwa watu waliokuwa wanaangalia mechi ile ile. Zaidi ya watu 70 walikufa. Mechi ilikuwa bado inaendelea mbele yetu na hakuna aliyekuwa anaiangalia. Kesho yake kazi ya mlango ilibadilika. Nikawa nawapapasa watu niliokua nao, nawafungulia mifuko ya sukari na sabuni waliyotoka kununua. Baadhi ya akina mama wa filamu za Kihindi hawakurudi kabisa. Kupapaswa na mvulana waliyemjua tangu akibeba jerikeni hakukuwapendeza, na Hajji alichelewa kuajiri msichana wa kuwakagua.

Umeme wa nguzo uliingia mjini, simu za kugusa zikafuata, na mwaka 2015 nchi ikawa inazima mitambo ya zamani ya runinga. Wenye runinga za nyumbani wasio na king'amuzi wakarudi kwetu kwa muda, wakijifanya wamepita tu. Tangu mwaka 2013 bwawa la Karuma lilikuwa linajengwa, lile la megawati 600, na vijana waliokuwa wanapata ujira kule walikuja mwisho wa mwezi wakiwa na pesa na hamu ya ngumi. Ilikuwa neema ya mwisho ya mlangoni.

Kitu ambacho sikukitarajia kabisa kilikuja na vita vya Sudan Kusini vilivyoanza Desemba 2013. Makazi yakajaa upya. Vijana wengi waliofika walizungumza Kiarabu cha Juba, Kiswahili hawakukijua, na Kiingereza changu hakikuwasaidia. Walikaa kimya mbele ya filamu nzima. Hajji alikuwa ameshazeeka, anakaa kwenye kiti cha plastiki nje akihesabu tasbihi. Kinubi chake na Kiarabu chao ni ndugu wa karibu. Jioni moja akaingia, akaniomba kipaza sauti. Miaka yote ile hakuwahi kukigusa. Akasimulia filamu ya karate kwa Kinubi, taratibu, kwa sauti ya mzee anayesimulia safari ya lori, akisema ovyo kuhusu kila mtu aliyepigwa, na wale vijana wakacheka hadi mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Wiki zilizofuata walikuja wakimwulizia yeye. Nikarudi mlangoni bila kinyongo, kwa sababu nilikuwa najua ninachokiona: kazi ile ile ya yule bwana wa kando ya kitambaa, imempata mwenyewe.

Machi 2020 vibanda vyote vilifungwa kwa ajili ya korona. Baa na kumbi za starehe zilikuja kuruhusiwa tena Januari 2022, na karibu miaka miwili ni mingi kwa biashara inayoishi kwa kiingilio cha leo. Mabenchi yaliuzwa kwa mwenye hoteli. Dishi lilibaki juu kwa sababu hakuna aliyetaka kulishusha. Ndani pakawa ghala la mahindi, na kwa kweli mahindi yalilipa kodi vizuri kuliko tulivyowahi kulipa sisi. Hajji alirudi Masindi kwa wanawe. Ana afya, anaangalia mpira kwenye simu ya mjukuu na analalamika kwamba wachezaji ni wadogo.

Mwaka jana kijana mmoja wa makazi alipanga nusu ya jengo. Upande wa mbele ana meza ya kuchaji simu na kompyuta ya kuwajazia watu filamu kwenye kadi za kumbukumbu. Upande wa nyuma ameweka viti vya plastiki na skrini bapa, kwa ajili ya mpira wa Jumamosi na Jumapili. Alinifuata nyumbani akiwa amesikia habari zangu. "Kaka, nataka usiku wa Alhamisi uwe wa filamu, lakini watu wanazo kwenye simu zao. Waje kufanya nini?" Nilimwuliza wateja wake wa mpira wanatoka wapi na wanaongea nini. Akanitajia: Wanuer, Waacholi, Wamaragoli, wachache wa Kongo. Nikamwuliza kama ana kipaza sauti. Anacho, cha harusi. Nikamwuliza kama kuna mama anayeuza kitu hapo nje. Hakuna, aliwafukuza kwa sababu ya takataka.

Nikamwambia awarudishe kwanza, kisha tuzungumze habari za Alhamisi. Amemrudisha mmoja, wa chapati. Kuhusu kutafsiri tumepatana nianze mimi kwa Kiswahili, na atafute kijana wa Kiarabu cha Juba wa kupokezana naye, kila mmoja nusu filamu. Nauli ya bodaboda juu yake. Chakula cha jioni bado tunabishana.